Sauti ya Bi Ruweida na Samaki wa Kompyuta

CD ya tatu ilipoharibika, Mzee Miraj alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi chake, akatangaza kwamba sasa mkosaji amejulikana.

"Ni treni," alisema.

Mkewe, Saadiya, alikuwa kwenye cherehani yake pale pale sebuleni, akishona pindo la gauni la mteja. Alisimamisha mguu. Nyumba yao ya Kaloleni, mjini Voi, haikuwa mbali na reli, na kwa miaka ishirini na saba ya ndoa yao treni ilikuwa imewatikisia vikombe kabatini bila ya kumdhuru mtu. Lakini alimjua mumewe, kwa hivyo aliuliza kwa upole.

"Treni imeingiaje humu, Baba Khairat?"

"Njoo usome mwenyewe."

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kisanduku cha kijivu, na ndani yake maneno mawili ya Kiingereza: Buffer underrun.

"Bafa!" alisema Miraj. "Wajua bafa ni nini? Mimi nimekaa stesheni miaka thelathini nikiandikisha mizigo. Bafa ni zile sahani za chuma mwisho wa behewa, zinazogongana mabehewa yakikutana. Mashine yenyewe yasema! Treni ikipita hapo nyuma, bafa zagongana, nyumba yatikisika, ule moto wa kuchomea waruka mstari. CD imekwisha."

Saadiya aliyasoma maneno yale herufi kwa herufi. Kiingereza chake kilikuwa cha kusomea vifurushi vya mishono na lebo za nyuzi. Na mtu aliyekuwa karani wa reli hadi akastaafu, ukimletea neno la reli, utamwambia nini?

Kompyuta ile ilitoka Dubai. Fawaz, ndugu yake mdogo Saadiya, alikuwa akifanya kazi huko, na mwaka huo wa 1998 aliona haja ya kumtumia shemeji yake kitu cha kumpitishia siku za ustaafu. Iliteremka Mombasa melini, ikapanda hadi Voi imeviringishwa mablanketi manne kama mgonjwa wa malaria. Mjini humo kompyuta za wakati huo ungeweza kuzihesabu kwa vidole, na nyingi zilikuwa maofisini, zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Kuwa nayo nyumbani tayari ni sifa. Hii ya Miraj ilikuwa na sifa ya ziada: ilikuwa na droo ya kuchomea CD, na Fawaz alikuwa ametia kando yake boksi la CD kumi tupu, zenye mgongo wa kijani kama bawa la nzi.

"Kuchoma?" Saadiya aliuliza siku ya kwanza. "Kama mahindi?"

"Kama mahindi, lakini bila moshi," alijibu Miraj, naye hajui zaidi ya hapo. Kitabu cha maelezo kilikuwa na kurasa mia na arobaini, naye alikisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, kama mwalimu anayesahihisha mtihani.

Haja ya kuchoma ilitoka kwa binti yao. Khairat alikuwa akifundisha chekechea Mombasa, na harusi yake ilibakiza wiki tatu. Alipopiga simu, mama yake alimuuliza anataka nini siku hiyo, maana wenzake wote sasa walitaka bendi na maua ya plastiki na gari lenye riboni.

"Mimi nataka nyanya aniimbie," alisema Khairat.

Nyanya yake, Bi Ruweida, mamake Saadiya, alikuwa amefariki miaka minane iliyopita. Katika uhai wake hapakuwa na harusi ya Kiislamu Voi wala Mwatate iliyochezwa upande wa wanawake bila yeye kuushika wimbo. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyekunywa kahawa nyingi, na alikuwa na tabia ya kuimba amefumba jicho moja. Kilichobaki ni kanda moja tu, iliyorekodiwa harusini mwaka wa sabini na tisa, saa nzima, pande zote mbili. Redio iliwahi kuitafuna. Saadiya aliitoa utumbo wake ukiwa umekunjamana, akaunyoosha kwa kiganja, akaurudisha kwa penseli huku akilia. Tangu siku hiyo alikuwa akiiweka kabatini, ndani ya soksi, na hakuna aliyethubutu kuipiga.

Sehemu ya kwanza ya kazi ilikwenda vizuri. Miraj aliunganisha waya kutoka redioni hadi kwenye kompyuta, wakaipiga kanda mara moja, moja tu, huku Saadiya akiikodolea macho kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Sauti ikaingia yote. Ilikuwemo hata pale katikati ya wimbo wa nne, ambapo Bi Ruweida anakatiza kuimba na kusema waziwazi, "Nani huyo akoroga kikombe? Acha, twaimba!" kisha anaendelea palepale alipoachia. Saadiya alicheka hadi akatokwa na machozi, halafu akaona machozi yamebaki na kicheko kimekwisha.

Sasa kilichobaki kilikuwa kuchoma. Na kuchoma ndiko kulikokataa.

Kila mara ilikuwa vile vile. Miraj anatia CD, anabofya, taa nyekundu inawaka. Anaketi wima, mikono magotini. Alikuwa ameweka sheria kali: uchomaji ukianza, hakuna ruhusa ya kugusa kipanya wala kibodi, hata kwa ukucha. Baada ya muda, kioo kinajifunika chenyewe na kuwa bahari, na samaki wanaanza kupita.

Samaki hao walikuwa ndio kitu pekee cha kompyuta ile ambacho Saadiya alikipenda bila masharti. Walikuja tu mashine ikiachwa kimya. Walikuwepo wembamba wa fedha waliokwenda kwa makundi, palikuwa na mwenye mistari kama pajama, na palikuwa na mmoja wa manjano, mnene, aliyepita polepole kama mtu aliyetoka karamuni. Huyo alimwita Shemeji. Wakija, Saadiya huacha cherehani, huvuta kiti, hutazama. Ndipo droo ya kuchomea inapojifungua yenyewe na kuitoa CD nje, kama mtoto anayekutolea ulimi. Miraj anagusa kipanya, samaki wanatoweka, na kisanduku cha kijivu kinawangoja.

Basi ikawa vita na treni. Miraj alikata tairi kuukuu vipande vinne, akaviweka chini ya miguu ya meza. Juu ya meza akatandika godoro la kitanda cha mtoto, na juu ya godoro akaikalisha kompyuta, nayo ikawa imeinamia upande mmoja kama abiria aliyesinzia. CD ya nne ikaharibika.

Akatembea hadi kwa jirani, Dishon, mtu wa ishara pale stesheni, akamwomba amwambie lini reli itakuwa tupu. Dishon, kijana mstaarabu kutoka upande wa ziwa, aliangalia daftari lake, akamwambia, "Mzee, kutoka saa nne mpaka saa sita hakuna kitu itapita. Hata toroli." Saa nne na robo Miraj akaanza kuchoma. Hakukupita treni. Hakikupita hata kikokoteni. CD ya tano ikaharibika kwenye utulivu ambao Voi haikuwa imeujua tangu Wajerumani na Waingereza waache kupigana.

"Basi ni nyumba yenyewe yatikisika," alisema Miraj.

Kwa ajili ya CD ya sita, friji ilizimwa, redio ikazimwa, pasi ikapigwa marufuku. Cherehani ilifunikwa. Saadiya aliamrishwa kupika nje uani, na asivae mtalawanda wa mbao unaogonga sakafu. Miraj alipita ukutani kwa jirani wa pili na kumsihi aahirishe kutwanga. Kisha akaketi, akapumua kwa pua tu. Samaki wakaja, Shemeji akapita, droo ikafunguka.

Saadiya hakutupa zile zilizoharibika. Mtu wa kushona hatupi kipande. Alizifanya visahani vya kuwekea vikombe, na Phanice, mke wa Dishon, aliyekuja Alhamisi hiyo kuazima mbuzi ya kukunia nazi, alikuwa amewekewa kikombe juu ya CD moja. Phanice alikuwa amejifunza kupika kwa nazi Voi, na alikuwa na bidii ya mtu aliyesilimu jana. Chumbani, Miraj alikuwa amejipumzisha baada ya kuiua ya saba.

"Mama Khairat, pole na hiyo maneno ya CD," alisema Phanice. "Lakini mimi nitakwambia ukweli. Si treni."

"Wajuaje?"

"Mimi nimeolewa na treni! Treni ya mizigo haina saa. Leo inakuja saa nane, kesho saa kumi, kesho kutwa inalala njiani na bwana yangu anakula ugali baridi. Sasa hii kitu yenu inaharibika saa ngapi?"

"Haina saa. Twachoma asubuhi, twachoma alasiri."

"Si saa ya ukutani. Ikianza, inakaa muda gani?"

Saadiya alitaka kusema hajui. Lakini macho yake yalikuwa yameangukia ile CD chini ya kikombe cha Phanice. Alikiinua kikombe. Akaigeuza CD, akaipeleka mlangoni kwenye jua. Kwenye ule mgongo wa kijani, kuanzia tundu la katikati, palikuwa na duara lenye rangi iliyokoza kidogo, kama mahali kitambaa kilipoloa maji. Nje ya duara, kijani kilikuwa bado kibichi. Hapo ndipo moto ulipofika ukakoma.

Akazikusanya zote saba. Akachukua utepe wake wa kupimia, ule uliokuwa ukining'inia shingoni tangu asubuhi, akazipima moja moja. Macho ya fundi wa nguo hayahitaji utepe kwa jambo kama hilo, lakini alipima hata hivyo. Maduara yote yalikuwa na upana mmoja. Yalikuwa sawasawa, kama vifungo vya shati moja.

"Eh!" alisema Phanice. "Huyu mwizi anakuja na saa yake mkononi."

"Dakika kumi na kitu," alisema Saadiya polepole, akipima kwa mapindo aliyozoea kushona mpaka droo ifunguke. "Dakika kumi na kitu, kila mara."

Na alipolisema hilo, akakigeukia kioo cha kompyuta. Alijua ni nini kinachokuja baada ya dakika kumi. Kila siku alikuwa akikingoja, kiti kishavutwa.

Hakumwambia Phanice. Alimpa mbuzi ya nazi, akamsindikiza hadi langoni, akarudi akaketi mbele ya kompyuta iliyozimwa, akajiona kwenye kioo cheusi, mwanamke mzima wa miaka arobaini na tisa mwenye kilemba na pini mdomoni, akijaribu kutafuta mkosaji mwingine. Alijaribu joto. Alijaribu umeme. Alijaribu hata husuda, maana kompyuta ile ilikuwa imetazamwa na watu wengi. Hakuna hata mmoja aliyevaa saa.

Asubuhi ya Ijumaa, Miraj aliamka na nadharia mpya, na nadharia yenyewe ilikuwa joto. Aliivua kompyuta ubavu, akaielekezea feni, akatandaza kitambaa kilicholoweshwa juu ya kiti kilicho kando ili upepo uwe wa baridi. Akaitia CD ya nane. Saadiya alifungua kinywa. Akakifunga. Alijiambia kwamba hana hakika. Alijiambia kwamba mwanamke haendi kumshtaki samaki kwa mumewe bila ushahidi. Lakini kweli, ile ambayo hakujiambia, ni kwamba alikuwa akimwonea huruma Shemeji.

Dakika zikapita. Bahari ikafunguka kiooni. Samaki wembamba wakapita, mwenye pajama akapita, Shemeji akaingia na tumbo lake, bila wasiwasi wowote duniani. Droo ikatoka.

Miraj hakugombana na mtu. Hakutaja treni wala joto. Alizima feni, akakaa akiitazama mikono yake.

"Mama Khairat," alisema, "labda ni mimi tu nisiyejua."

Miaka ishirini na saba, na maneno hayo Saadiya hakuwa ameyasikia hata siku moja. Alikuwa akiyatamani, tena mara nyingi, hasa nyakati za kurekebisha mapaa na mabomba. Sasa yalipokuja yalimchoma kama pasi. Miraj aliinuka, akaoga, akavaa kanzu, akaenda msikitini mapema kuliko kawaida, kama mtu anayekwenda kushtakia.

Zilibaki CD mbili.

Saadiya aliuacha mchele jikoni uendelee kuiva, akafunga mlango wa mbele, akaketi kwenye kiti cha mumewe. Alikuwa amemtazama akifanya kazi ile mara nane, na mtu anayeweza kunakili mshono wa gauni kwa kulitazama likipita barabarani hahitaji kurasa mia na arobaini. Akatia CD ya tisa. Akasema bismillahi. Akabofya pale na pale. Taa nyekundu ikawaka.

Kisha akavunja sheria. Akaweka kidole kimoja juu ya kipanya, na kila alipomaliza kuhesabu hadi mia, alikisukuma kidogo, kama anayemgusa mtoto bega asilale darasani.

Dakika ya tano. Dakika ya nane. Dakika ya kumi ilipofika alikisukuma mara tatu kwa woga. Hakuna bahari. Kioo kikabaki kioo, na kile kistari cha buluu kilichoonyesha kazi kikaendelea kurefuka. Kumi na mbili. Hakikuwa kimewahi kufika hapo. Saadiya aliona jasho limemtoka kwenye mdomo wa juu.

Ndipo alipousikia mchele. Kwanza ulikuwa ukichemka kwa heshima, kisha sufuria ikaanza kugongagonga kifuniko, kisha ikaja harufu, ile ya mwanzo, tamu, inayokupa nafasi moja tu ya kuinuka. Aliutazama mlango wa jikoni. Akakitazama kistari. Hesabu yake ilikuwa imefika themanini na moja.

"Phanice!" alipiga kelele kupitia dirishani. "Mama Ajwang'! Mama Ajwang' wee!"

Phanice alikuja mbio kupitia mlango wa uani, amebeba mwiko, akidhani ni nyoka.

"Nini? Iko wapi?"

"Mchele! Uondoe mchele!"

"Na wewe umekaa hapo unafanya nini?"

"Siwezi kuinuka. Nawazuia samaki!"

Phanice alimtazama jirani yake, ambaye siku zote alikuwa mtu wa akili timamu, ameganda mbele ya mashine na kidole kimoja juu ya kipanya. Hakuuliza tena. Aliondoa sufuria, akaiweka chini, akapalia makaa juu ya kifuniko kama alivyofundishwa, kisha akaja akasimama nyuma ya kiti. Wakahesabu pamoja, mmoja kwa Kiswahili cha pwani na mwingine akidakia palipobaki. Kistari kilipofika mwisho, taa nyekundu ilizimika kwa utulivu, na droo ikafunguka bila kejeli yoyote. Saadiya aliigeuza ile CD. Duara lilikuwa limetanda upana mara tatu ya zile nyingine.

Phanice alipiga kigelegele ambacho kilisikika hadi stesheni.

Kumwambia Miraj kulikuwa kazi nyingine. Alirudi kutoka msikitini, akala wali bila kuuliza kwa nini una harufu ya moshi, na Saadiya akangoja hadi alipomaliza kunawa.

"Baba Khairat, nimefanya jambo bila idhini yako."

Akamweleza yote, na duara, na utepe, na kidole. Alieleza kama anavyojua yeye. "Ni kama cherehani. Uzi waja kutoka kwenye kigurudumu chake, sindano yashona. Uzi ukikatika, sindano haijui. Yaendelea kutoboa kitambaa bure, nguo yaharibika. Nadhani mashine hii nayo yataka uzi usikatike. Na samaki wakija, mashine yote yaenda kuwachora wao. Yawashughulikia, mapezi na mikia. Yasahau uzi." Akauviringisha utepe kidoleni. "Jana nilishajua. Leo asubuhi nilijua, nikanyamaza. Ile ya nane ni dhambi yangu."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Nampenda yule wa manjano."

 Miraj aliinuka, akakichukua kile kitabu cha maelezo, akafungua kurasa, akasimama kwenye ukurasa wa thelathini na moja. Alikuwa ameupigia mstari mwekundu. Pale pale pameandikwa kwamba kabla ya kuchoma, zima programu nyingine zote, na mapambo ya kioo pia.

"Nilipiga mstari," alisema kwa sauti ndogo. "Nilipopiga mstari nilidhani wanawaambia wengine."

Saadiya alijaribu kujizuia, akashindwa. Alianza yeye, Miraj akafuata, wakacheka hadi ikabidi wakae chini wote wawili. Baadaye Miraj mwenyewe ndiye aliyeingia mle ndani ya kompyuta na kuwafuta samaki. Aliuliza mara mbili kama ana hakika. Saadiya alisema ana hakika, akageuka akatazama ukuta mpaka kazi ilipokwisha.

Jumamosi walivaa vizuri, wakaifunga CD kwa leso, wakaipeleka kwa Ayub, fundi wa redio karibu na soko, ambaye muziki wa harusi ungepigwa kwenye mashine yake. Ayub alikuwa na spika mbili ndefu kama milango na ulimi usio na breki.

"Karibuni, karibuni! Ndiyo hii CD ambayo mji mzima unaingojea? Nimesikia mpaka godoro mliilalishia." Akaitia. Mashine ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kitu kwa taa za kijani. Ayub akakuna kichwa. "Inasema hakuna CD."

"Haiko vipi na umeitia wewe mwenyewe?" aliuliza Saadiya.

"Mama, mimi naiona. Mashine ndiyo haiioni."

Walijaribu mara tatu. Walijaribu mashine nyingine ndogo ya mteja aliyekuwa hajaja kuichukua. Nayo ikakana. Njiani kurudi nyumbani Saadiya alitembea mbele, CD kifuani ndani ya leso. Alikuwa akiwaza wale samaki waliofutwa bure, na CD moja iliyobaki, na Khairat ambaye angewasili Alhamisi. Nyumbani walipoitia kwenye kompyuta, Bi Ruweida akaimba bila shida yoyote, jicho moja likiwa limefumbwa bila shaka.

Miraj alisimama katikati ya sebule.

"Hapa yaimba, nje haitambuliki," alisema. "Hapa yaimba, nje haitambuliki." Alilirudia mara ya tatu, halafu akajipiga paji la uso. "Sili!"

"Nini?"

"Sili, Mama Khairat! Behewa ukilijaza mzigo, hata likiwa limejaa pomoni, huliondoi stesheni mpaka mlango ufungwe na upigwe muhuri wa sili. Hapa kwako wajua kilichomo, kwa kuwa wewe ndiye uliyepakia. Lakini likifika stesheni ya mbele bila sili, karani wa kule halipokei. Kwake yeye, hilo behewa bado linapakiwa. Hii CD hatukuifunga!"

Alikuwa amekwisha kaa. Alitafuta kwenye orodha za kompyuta kwa kidole kikitembea kiooni, na mahali fulani chini kabisa akalikuta neno la kufunga, na kando yake kijisanduku kitupu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekiwekea alama. Akakiwekea alama. Akabofya. Taa nyekundu ikawaka dakika mbili, tatu. Saadiya alisimama nyuma yake, mkono begani mwake, na kwa mazoea mkono wake wa pili ulikwenda kwenye kipanya, ingawa hapakuwa tena na samaki wa kuwazuia.

Kwa Ayub walirudi karibu mbio. Safari hii mashine haikuzunguka hata mara mbili. Spika zikakohoa, na Bi Ruweida akaingia sokoni Voi kwa sauti ya kahawa:

"Mwana wetu twakupamba, kwa asumini kilua,
Nenda ukatue vyema, kama njiwa kwenye ua."

Mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya ng'ambo ya barabara aliinua kichwa. Ayub, kwa mara ya kwanza tangu Saadiya amjue, alinyamaza.

Harusi ilifanyika Jumapili iliyofuata, pale pale Kaloleni, turubai likifungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Wanaume walikuwa upande wa barabarani, na sauti ya Miraj ilisikika ikimweleza bwana harusi na jamaa zake jambo fulani kwa kirefu, nao wakiitikia kwa adabu ya wakwe. Upande wa uani walikuwa wanawake, watoto, sinia za halua, na bibi arusi kwenye kiti, mikono yake imejaa hina, akitazama chini kama alivyoagizwa.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, wasichana walitabasamu tu, maana hawakuujua. Walioujua walikuwa wanawake wakubwa, waliokuwa wamekaa ukutani wakilalamikia magoti. Mmoja aliuitikia kiitikio bila kufikiri, kama mtu anayeitikia salamu. Wa pili akadakia. Kufika ubeti wa tatu walikuwa wamesimama wote, wamepanga mstari, mabega yakienda pamoja, na kila Bi Ruweida aliporusha mstari wao waliupokea, akingoja kidogo, nao wakijibu, kana kwamba miaka kumi na tisa ilikuwa ni pumzi tu kati ya mstari na mstari. Phanice alikuwa katikati yao, hajui neno hata moja, akipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Khairat alisahau kutazama chini. Alikuwa akilia na kucheka, na wanja ulikuwa ukishuka, na hakuna aliyemkemea.

Wimbo ulipokwisha, mmoja wa wale wazee alisema kwa amri, "Huo tena! Toka mwanzo!"

Kwa kanda wangelazimika kungoja irudishwe nyuma huku kila mtu akiomba isikatike. Binti wa Ayub, aliyewekwa pale kusimamia mashine, aliinama akabonyeza kitufe kimoja, na papo hapo sauti ikaanza upya, nzima, bila ya kuchoka. Saadiya, aliyekuwa amezunguka na sinia tangu alfajiri na hakuwa amekaa hata mara moja, aliitua sinia juu ya pipa la maji. Akavua viatu. Akaingia kwenye mstari, akashika nafasi kati ya Phanice na mwanamke aliyeimba na mamake zamani, akangoja mstari wake ufike, akaupokea.